Dalali wa ujumbe ndani ya programu: kufuli ipi, kwenye mlango upi?

Mwezi Oktoba 2023 ilitangazwa dosari kubwa katika Apache ActiveMQ, dalali wa ujumbe, yaani programu maarufu ya kupokezana ujumbe kati ya mifumo ya kompyuta. Dosari hiyo, iliyoorodheshwa kwa namba CVE-2023-46604, ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, kwa sababu mtu yeyote aliyeweza kuifikia poti (mlango wa mtandao) ya dalali aliweza kuilazimisha seva itekeleze amri zake bila kuwa na jina la mtumiaji wala nywila. Hazikupita siku nyingi kabla ya wahalifu kuanza kuitumia kufunga data za watu na kudai fidia. Tangu wakati huo, mazungumzo ya watengenezaji wa programu yakifika kwenye usalama wa dalali wa ujumbe, kauli mbili hazikosekani. Mmoja atasema kwamba ukishaweka TLS, itifaki ya kusimba mawasiliano, mambo yamekwisha. Mwingine atajibu kwamba dalali wake amepachikwa ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo habari za TLS hazimhusu. Kila kauli ina ukweli kidogo ndani yake, na huo ukweli kidogo ndio unaowapoteza watu.

Tuanze na maana za maneno. Dalali wa ujumbe ni programu inayokaa katikati ya programu nyingine, ikipokea ujumbe kwa anayetuma na kuutunza hadi anayepaswa kuupokea awe tayari. Kazi yake inafanana na ya tarishi wa ofisini: mwenye barua anamwachia na kurudi kwenye shughuli zake, naye tarishi anajua iende kwenye meza ipi, na kama mwenye meza hayupo, anaishikilia mpaka arudi. Dalali wa kawaida huendeshwa peke yake kwenye seva yake, akiwa na mafaili yake ya mipangilio na mtu wa kumsimamia. Dalali aliyepachikwa anafanya kazi ileile, isipokuwa huanzishwa na mistari michache ya msimbo ndani ya programu nyingine, huishi ndani ya mchakato uleule, na programu hiyo ikizimwa naye huzimika. Kwa wanaotumia Java, ActiveMQ Classic humwanzisha kupitia darasa liitwalo BrokerService, Artemis, dalali mwingine wa familia ya ActiveMQ, hutumia EmbeddedActiveMQ, na kwa itifaki ya MQTT (njia nyingine ya kupokezana ujumbe) ipo Moquette.

TLS, kwa upande wake, ni itifaki inayoufunika mfereji wa mawasiliano ili anayepita katikati asiweze kusoma wala kubadilisha yaliyomo. Jina lake la zamani ni SSL, na hapa pana mkanganyiko usio wa lazima. Toleo la mwisho lenye jina la SSL lilitoka mwaka 1996 na likapigwa marufuku rasmi mwaka 2015; TLS 1.0 ya mwaka 1999 pamoja na TLS 1.1 zikafuata mkondo huo mwaka 2021, na zinazofaa kutumika leo ni TLS 1.2 ya mwaka 2008 na TLS 1.3 ya mwaka 2018. Hata hivyo, msimbo haukubadilisha majina. Bado utaandika anwani inayoanza na ssl:// na bado darasa litaitwa SslContext, ingawa kinachotumika chini yake ni TLS. Kwa hiyo ukiliona neno SSL katika msimbo wa leo usidhani kwamba umeshika kitu kilichooza; cha kuangalia ni matoleo gani yameruhusiwa, na hilo tutalifikia.

Maswali matatu yasiyojibiana

Muunganisho salama hujibu maswali matatu, na makosa mengi niliyoyaona hutokana na mtu kujibu swali moja akadhani amejibu yote. Swali la kwanza: nani mwingine anasikiliza? Hili hujibiwa na usimbaji fiche. Swali la pili: ni nani hasa anayebisha hodi, na je, mlango ninaoubisha mimi ni wa nyumba ninayoitafuta? Hili hujibiwa na vyeti, yaani vitambulisho vya kidijitali. Swali la tatu: huyu aliyekwisha kuingia anaruhusiwa kufanya nini? Hili TLS hailijibu kabisa, hata ukiipanga kwa ustadi namna gani.

Irudie dosari ya mwaka 2023 ukiwa na maswali hayo mkononi. Mshambulizi alituma pakiti ya OpenWire, itifaki ambayo ActiveMQ huzungumza na wateja wake, iliyojifanya kuwa taarifa ya hitilafu, ikiwa na jina la darasa alilotaka seva ilijenge pamoja na anwani ya faili lake la mbali, na seva ikatii. Pakiti hiyo ilisomwa kabla dalali hajauliza jina wala nywila, kwa kuwa hata jina na nywila vyenyewe hufika vikiwa ndani ya pakiti za aina hiyohiyo. Mfereji uliosimbwa bila sharti lolote kwa anayeingia ungembebea mshambulizi pakiti yake salama salimini hadi ndani. Kama dalali angedai cheti kwa kila anayebisha, asiye nacho angeishia kwenye maamkizi ya TLS, yaani hatua ya mwanzo ambapo pande mbili hutambuana, kabla ya OpenWire kusoma hata herufi moja. Tiba halisi ilikuwa kupandisha toleo hadi 5.15.16, 5.16.7, 5.17.6 au 5.18.3, na hakuna cheti kinachochukua nafasi ya tiba hiyo. Lakini tofauti kati ya kujibu swali la kwanza pekee na kujibu mawili ya kwanza inaonekana waziwazi.

Je, aliyepachikwa anahitaji yote haya?

Inategemea milango aliyofunguliwa. Ikiwa wanaotuma na wanaopokea wote wamo ndani ya mchakato uleule wa Java, hutumia anwani inayoanza na vm://, na ujumbe hupita ndani ya kumbukumbu ya mchakato bila kugusa mtandao. Hapo hakuna waya wa kusikilizwa, na kuongeza TLS ni kujifungia mlango katika chumba ulichomo peke yako. Anayesema dalali wake hahitaji TLS yuko sahihi mpaka hapa, si hatua moja zaidi.

Mara tu msimbo unapoita addConnector na kumpa anwani ya mtandao, dalali huyo amegeuka seva sawa na seva nyingine yoyote, tena seva ambayo mara nyingi hakuna anayejua kwamba ipo. Msimamizi wa mifumo anaona programu ya malipo au ya ripoti tu. Hajui kwamba ndani yake kuna poti 61616 inayosikiliza. Anwani ya 0.0.0.0 humaanisha kusikiliza kwenye kila njia ya mtandao iliyopo kwenye mashine, wakati 127.0.0.1 humaanisha mashine hii pekee, ingawa michakato mingine yote iliyomo kwenye mashine hiyo bado inaweza kuufikia mlango huo. Kwa dalali wa aina hii, mwandishi wa msimbo ndiye msimamizi, na hakuna mwingine atakayekuja baadaye kufunga alichokiacha wazi.

Kuhusu vm:// kuna tahadhari moja ambayo watu huipata kwa machungu. Katika ActiveMQ Classic, ukiunganisha kwa jina la dalali ambaye hayupo, anwani hiyo haikatai. Inamuanzisha dalali mpya kwa jina hilo. Herufi moja ikikosewa, programu yako inazungumza na dalali wa pili asiye na mpangilio wako hata mmoja, ujumbe unaingia humo na hautoki, na hakuna kosa lolote linaloandikwa. Kuongeza create=false mwishoni mwa anwani huzuia jambo hilo, kwa maana muunganisho unakataa kumuumba dalali wake mwenyewe.

Sanduku la funguo na sanduku la kuaminia

Watu wengi hukwama kwenye masanduku mawili ambayo Java huyaita keyStore na trustStore, kwa sababu yote mawili ni mafaili ya aina ileile, hufunguliwa kwa nywila, na hutengenezwa kwa zana ileile ya keytool inayokuja pamoja na Java. Tofauti yao si umbo, ni kazi. Sanduku la kwanza ni kama pochi yenye kitambulisho chako: lina cheti chako pamoja na ufunguo wa siri unaothibitisha kwamba cheti hicho ni chako kweli. Sanduku la pili ni kama sampuli za mihuri ambazo mlinzi wa mlangoni anazo ili alinganishe na vitambulisho vya wageni. Halina siri ya mtu, lina vyeti vya mamlaka, yaani watoaji wa vyeti, unazoziamini. Anayejitambulisha anahitaji pochi, na anayekagua anahitaji sampuli. Dalali hujitambulisha kwa kila mteja, yaani kila programu inayojiunga naye, kwa hiyo pochi ni ya lazima kwake, na akiamua kuwakagua wateja, sampuli nazo zinakuwa za lazima.

Katika msimbo, sehemu yenye uzito ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Baada ya kuyasoma masanduku mawili na kupata funguo na waaminiwa, kinachobaki ni hiki:

BrokerService dalali = new BrokerService();
dalali.setSslContext(new SslContext(funguo, waaminiwa, null));
dalali.addConnector("ssl://0.0.0.0:61617?transport.needClientAuth=true&transport.enabledProtocols=TLSv1.2,TLSv1.3");
dalali.start();

Mpangilio wa mistari ya pili na ya tatu si wa urembo. Mara tu addConnector inapoitwa, dalali huifungua poti papo hapo, akitumia muktadha wa TLS alionao wakati huo. Ukiuweka muktadha baada ya kufungua mlango, mlango haurudi nyuma kuutafuta. Unatumia muktadha wa jumla wa Java. Kama muktadha huo wa jumla hauna cheti chochote, maamkizi yatashindikana na utapata ujumbe wa hitilafu usiotaja chanzo, kwa mfano kwamba pande mbili hazina mbinu ya usimbaji wanayoshirikiana. Hilo ni afadhali. Hatari zaidi ni pale ambapo programu nzima tayari imepewa cheti kingine kupitia sifa za mfumo kama javax.net.ssl.keyStore, kwa matumizi mengine kabisa, naye dalali akakichukua kimyakimya. Kila kitu kitaonekana kufanya kazi, nawe utakaa miezi ukiamini kwamba cheti ulichokiandaa ndicho kinachotumika.

Neno needClientAuth ndilo linalomfanya dalali adai cheti kwa mteja. Lipo jingine linalokaribiana nalo, wantClientAuth, ambalo humwomba mteja cheti na kumpokea hata asipokuwa nacho. Herufi zinazotofautisha maneno hayo ni chache, lakini moja ni sharti na jingine ni ombi. Nalo enabledProtocols hutaja matoleo ya TLS yanayoruhusiwa.

Lipo pia jambo ambalo halitajwi vya kutosha. Ukiacha nafasi ya waaminiwa wazi, Java hujaza yenyewe kwa kutumia orodha yake ya kawaida ya mamlaka za umma, ambayo imetengenezwa ili uweze kutembelea tovuti za dunia nzima. Kwa dalali wa ndani, orodha hiyo ni sawa na mlinzi anayepokea muhuri wa ofisi yoyote: mtu mwenye cheti halali kilichotolewa na mamlaka yoyote kati ya hizo anaweza kukubaliwa, ingawa hamjuani. Ndiyo sababu sikubaliani na dhana kwamba cheti kilichotiwa saini na mamlaka yako mwenyewe ni cha hadhi ya chini. Kwa mawasiliano ya mifumo yako wewe kwa wewe, mamlaka moja ya ndani, inayotunza ufunguo wake vizuri na kuwekwa peke yake kwenye sanduku la kuaminia, hukaza mlango kuliko cheti cha kununua. Kilicho dhaifu ni ile tabia ya kuandika msimbo unaoamini cheti chochote ili majaribio yapite, kisha msimbo huo ukasafiri hadi kwenye mfumo halisi.

Wanaotumia Artemis wajihadhari na jambo la anwani. Huko anwani ya kusikilizia huanza na tcp:// hata pale mawasiliano yanaposimbwa, na kinachowasha usimbaji ni sslEnabled=true ndani ya anwani hiyohiyo. Anayetoka Classic akiwa amezoea kuangalia mwanzo wa anwani anaweza kuupita mlango ulio wazi bila kuutambua.

Jina lililo kwenye cheti

Sasa tugeukie upande wa mteja. Cheti kikiwa kimetolewa na mamlaka unayoiamini, hilo linathibitisha tu kwamba mwenye nacho anajulikana na mamlaka hiyo. Halithibitishi kwamba ndiye uliyekuwa unamtafuta. Ukienda kuonana na mhasibu na aliyefungua mlango akaonyesha kitambulisho halali cha fundi umeme, kitambulisho ni cha kweli lakini mtu siye. Kwa hiyo mteja anapaswa kulinganisha jina la mashine aliyoiita na jina lililo ndani ya cheti. Soketi za kawaida za TLS katika Java hazifanyi ulinganisho huo mpaka ziombwe, na mteja wa ActiveMQ Classic kabla ya toleo 5.15.6 hakuufanya, upungufu huo ulitangazwa mwaka 2018 kwa namba CVE-2018-11775. Tangu toleo hilo ulinganisho umewashwa wenyewe.

Matokeo yake ni kwamba wengi walipopandisha toleo, miunganisho yao ilikataa, nao wakaenda kuandika socket.verifyHostName=false ili mambo yaendelee. Ninaelewa haraka yao, lakini hapo waliurudisha mlango kwenye hali ya zamani. Tatizo lilikuwa kwenye cheti: kilitengenezwa kwa jina la mashine ya mtengenezaji, au kwa neno localhost, au bila orodha ya majina mbadala. Dawa ni kutoa cheti upya chenye majina yote ambayo wateja huyatumia kumfikia dalali, jambo ambalo keytool hulifanya kwa kuongezewa -ext na majina yenyewe.

Baada ya kuingia ndani

Mteja mwenye cheti sahihi akishaingia, dalali aliyepachikwa bila mipangilio zaidi humruhusu kusoma na kuandika kwenye foleni zote za ujumbe. Mfumo wa kutuma ripoti utaweza kusoma foleni ya malipo, na hata kuchukua ujumbe wake, nawe ukabaki ukijiuliza ujumbe huo umepotelea wapi. Ruhusa hupangwa mbali na TLS, kupitia programu-jalizi za dalali ambazo huwekwa kwa setPlugins kabla ya start. Ipo inayochukua jina lililo kwenye cheti na kuligeuza kuwa mtumiaji, na nyingine inayoeleza mtumiaji huyo ataandika wapi na kusoma wapi. Vilevile hakikisha ule mlango wa zamani wa tcp://0.0.0.0:61616 umeondolewa. Ni kawaida sana kukuta kiunganishi cha ssl kimeongezwa kwa uangalifu mkubwa huku cha zamani kikiwa bado kinapokea kila anayekuja, kwa sababu tu hakuna aliyetaka kuwasumbua wateja waliokuwa hawajahama.

Nywila za masanduku zisiandikwe ndani ya msimbo, maana zitabaki kwenye historia ya hazina ya msimbo hata baada ya kufutwa. Kuzipitisha kama sifa za mfumo kwenye amri ya kuanzisha programu kuna kasoro yake pia, kwani mtu mwingine aliye kwenye mashine hiyo anaweza kuziona kwenye orodha ya michakato inayoendeshwa. Faili linalosomeka na akaunti ya programu hiyo pekee, au huduma maalumu ya kutunza siri, ni afadhali.

Tarehe ya mwisho wa cheti ndiyo huwaamsha watu usiku. Cheti kilichotengenezwa kwa keytool bila kutaja muda huishi siku 90 tu. Isitoshe, masanduku husomwa mara moja dalali anapoanza, kwa hiyo kubadilisha faili kwenye diski hakubadilishi chochote mpaka dalali aanzishwe upya, na kwa aliyepachikwa maana yake ni kuianzisha upya programu nzima. Jambo hilo linapaswa kupangiwa ratiba mapema, tarehe ya mwisho ikiwa bado iko mbali.

Kujua kwamba kufuli inafunga

Muunganisho ukikubali, umejua kwamba mwenye ufunguo anaweza kuingia. Hujajua bado kama asiye nao anazuiwa. Kwa hiyo majaribio yenye thamani ni yale yanayotarajia kukataliwa: mteja asiye na cheti, mteja mwenye cheti cha mamlaka nyingine, mteja anayemwita dalali kwa jina lisilo kwenye cheti, na mteja anayezungumza bila TLS kabisa. Kila mmoja wao akikataliwa, andika majaribio hayo pamoja na majaribio mengine ya programu ili yaendeshwe kila msimbo unapobadilika. Dalali aliyepachikwa ana faida hapa ambayo mwenzake wa kwenye seva hana, kwani jaribio linaweza kumwanzisha, kumbishia hodi kwa njia zote nne na kumzima ndani ya sekunde chache.

Jambo likigoma, amri ya openssl s_client ikielekezwa kwenye poti 61617 itakuonyesha cheti ambacho dalali anakitoa kweli, ambacho huenda si kile unachodhani. Kwa upande wa Java, kuongeza -Djavax.net.debug=ssl:handshake huandika maamkizi yote hatua kwa hatua. Ukiona malalamiko kuhusu "PKIX path building failed", aliyelalamika hana muhuri wa mamlaka husika kwenye sanduku lake la kuaminia, hivyo usihangaike na sanduku la funguo. Ukiona "Unsupported or unrecognized SSL message" (Java za zamani ziliandika "Unrecognized SSL message, plaintext connection?"), upande mmoja unazungumza TLS na mwingine unazungumza wazi, na mara nyingi ni kwamba mteja wa ssl:// ameelekezwa kwenye 61616, ule mlango wa zamani uliodhani umeufunga.